Tomahoki ya Marth: shajara ya mradi, Ngamiani, Tanga

15 Juni 2025: vifaa, na fremu 60 kamili

Shajara hii inafuata ufundi mmoja tu wa Super Smash Bros. Melee, gemu la GameCube la mwaka 2001. Unaruka ruko fupi kumwelekea mpinzani, hupigi chochote angani, unatua mbele ya ngao yake na kumkamata palepale. Wachezaji wanauita tomahoki. Tumeuchagua kwa sababu kila anayeogopa pigo la angani hukimbilia ngao, na ngao haizuii kamata. Mhusika wetu ni Marth: mkono wake unafika mbali kuliko wa karibu wote wasiokamata kwa kamba au mnyororo, na upanga wake angani unaogopwa hata na asiyemjua vizuri.

Hesabu yote ya mradi ni hii. Gemu linakwenda fremu 60 kwa sekunde, fremu ikiwa picha moja ya skrini. Marth akitua bila kupiga, fremu 4 za kwanza zina ganzi: hakuna kitufe kinachosikika. Fremu ya 5 ndiyo ya kwanza kupokea amri. Kamata ya kusimama inashika kuanzia fremu yake ya 7. Kwa hiyo, toka mguu uguse chini mpaka mkono ushike ni fremu 11, chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya sekunde. Mpinzani anayeanza kufikiri baada ya wewe kutua amekwisha chelewa.

Vifaa: laptopu ya mtumba, Dolphin ya Slippi (Dolphin ni programu ya kuchezea magemu ya GameCube kwenye kompyuta, Slippi ni toleo lake la Melee), na faili ya gemu iliyotolewa kwenye diski yako mwenyewe ya toleo la Marekani, 1.02. Toleo la Ulaya lina tofauti kwenye wahusika kadhaa na Slippi hailikubali. Pedi ni ya USB ya kawaida, shilingi 20,000. Pedi halisi ya GameCube na adapta yake hatukuipata madukani Tanga. Mzigo ungetoka Dar es Salaam, na tuliamua kwanza tuone kama pedi ya kawaida inatosha. Inatosha, ila inahitaji marekebisho mawili yaliyoelezwa kwenye tarehe za mbele.

Kilichotusumbua zaidi siku hii ni kasi. Kwenye Dolphin mashine ikishindwa, gemu halirukiruki. Linapungua mwendo lote kwa pamoja. Hilo ni hatari kwa zoezi la fremu, maana kidole kinajifunza muda wa uongo na siku mashine ikitulia unakamata ukiwa umechelewa. Washa namba ya FPS, yaani fremu kwa sekunde, ikae kwenye kona muda wote. Yetu ilikuwa inashuka hadi hamsini na kitu kwenye uwanja wa Fountain of Dreams, ambako kivuli cha maji kinaichosha kadi ya picha. Dawa: resolusheni irudishwe ya asili, 640 kwa 528, madoido yote ya ziada yazimwe, na laptopu inyanyuliwe juu ya vipande viwili vya mbao ipate hewa chini. Joto la Tanga mchana linatosha kuipunguza prosesa kasi lenyewe.

Pia, umeme ukikatika laptopu inahamia kwenye betri, na Windows inabana nguvu ya prosesa bila kukuambia. Nenda kwenye mipangilio ya umeme uweke nguvu kamili hata kwenye betri. Bila hivyo, kila zoezi la baada ya umeme kukatika litupwe.

Skrini: tumia ya laptopu yenyewe. Tulijaribu runinga kubwa kwa waya wa HDMI na kila kitu kikawa kizito. Runinga nyingi huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha. Ukilazimika kuitumia, tafuta kwenye menyu yake hali ya gemu.

22 Juni: ruko fupi na mporomoko

Marth anachuchumaa fremu 4 kabla miguu haijaondoka chini. Kitufe cha kuruka kikiachiwa ndani ya fremu hizo ruko linakuwa fupi, kikishikiliwa linakuwa refu. Usikibonyeze kwa kukikandamiza. Kipitishe kidole juu yake kikiteleza kwenda pembeni. Usihamie hatua nyingine mpaka maruko kumi mfululizo yawe mafupi kwa kulia na kumi kwa kushoto.

Mporomoko ndio ulioleta shida. Ukishapita kilele cha ruko, piga stiki chini na Marth anashuka kwa kasi. Bila mporomoko tomahoki haifai kitu: anaelea kama anayesubiri kupigwa. Kwenye pedi yetu mporomoko ulikuwa unatoka mara moja moja, na mwanzoni tulidhani ni vidole. Sababu ni mbili. Kwanza, gemu linataka stiki ifike chini karibu theluthi mbili ya njia yake, ndani ya fremu chache sana. Ukiivuta taratibu halihesabu. Pili, stiki ya pedi hii haikuwa inafika mwisho upande wa chini. Ndani ya Dolphin, kwenye ukurasa wa pedi, bonyeza sehemu ya kusawazisha stiki, izungushe polepole ukigusa kingo zote, maliza. Baada ya hapo mporomoko ukatii.

Piga chini, kisha iachie stiki irudi katikati. Kuishikilia chini kunaonekana hakuna ubaya kwenye ardhi tupu, lakini kutakugharimu kwenye majukwaa.

7 Julai, Saba Saba: kosa lisiloonekana

Sikukuu, kibanda chetu cha gemu kimefungwa, mashine zote ni za mazoezi. Ndiyo siku iliyofundisha zaidi.

Dalili: Marth anatua, anakamata, lakini mpinzani ameshatoka kwenye ngao. Kwa macho, kila kitu ni sawa. Ukiuliza aliyeshika pedi anasema alibonyeza Z, kitufe cha kamata, kwa wakati. Tukafungua marudio ya Slippi, ambayo hujihifadhi yenyewe kila mchezo, tukayapitisha fremu kwa fremu.

Kumbe Z ilikuwa inatangulia. Z ikibonyezwa Marth akiwa bado hewani, hata kwa fremu chache tu, haikamati. Inatoa pigo la kati la angani. Na hapo kuna mtego: katika Melee, kubonyeza vitufe vya ngao L au R, au Z, ndani ya fremu 7 kabla ya kutua kunakata ganzi ya pigo la angani nusu. Z ileile iliyozaa pigo kwa bahati mbaya inahesabika pia kuwa imekata ganzi yake. Kwa hiyo badala ya Marth kukwama fremu 15 ukajua umekosea, anakwama 7 au pungufu. Upanga haujapata muda wa kuonekana vizuri. Unabonyeza Z tena, kamata inatoka, na jicho linaona tomahoki iliyochelewa kidogo. Mtu anaweza kufanya mazoezi miezi akijirekebisha upande usio sahihi, maana akiona amechelewa ataongeza haraka, na akiongeza haraka atatangulia zaidi.

Kanuni iliyotoka hapo tumeiandika ukutani: kuchelewa kuna dawa, kuwahi hakuna.

Hesabu yenyewe inaiunga mkono. Z ikiangukia hewani, umepata pigo usilolitaka. Ikiangukia ndani ya fremu 4 za ganzi ya kutua, inapotea bila madhara. Melee haihifadhi amri ya kamata ikusubirie. Ikiangukia fremu ya 5, ni kamili. Ikichelewa, unapoteza kiasi ulichochelewa tu, fremu kwa fremu. Basi lenga kubonyeza baada ya kuuona mguu umegusa chini.

Zoezi lililofanya kazi: punguza mwendo wa Dolphin uwe nusu, cheza mpaka usione tena pigo la kati kwenye marudio, kisha robo tatu, kisha kamili. Usikae kwenye nusu muda mrefu. Ni ya kuona tu, si ya kuzoesha kidole. Kwa kuthibitisha, tumia mod ya mazoezi inayoandika jina la tendo juu ya mhusika. Ukiona tendo la angani limejiingiza kati ya kuanguka na kukamata, Z imetangulia. Kusiwe na mjadala.

Dawa nyingine tuliyoijaribu ni kugonga vitufe viwili mfululizo, na imefeli katika umbo lake la kwanza. Kugonga Z mara mbili kwa kidole kilekile ni polepole mno. Kati ya kugonga kwa kwanza na kwa pili zinapita fremu nyingi. Umbo lililofaulu liko kwenye tarehe inayofuata, kwa sababu linahitaji ngao.

Gharama: umeme wa LUKU wa siku nzima, na mpira wa kitufe cha Z. Mpira wa ndani ulikuwa umeingia unyevu na kitufe kikawa kinashika nusu nusu. Pedi ilifunguliwa, bodi ikafutwa kwa spiriti na pamba, ikakaushwa. Sisi watu wa pwani tufanye hivyo mara kwa mara bila kusubiri kitufe kife.

20 Julai: ngao nyepesi

Shida iliyobaki: ukichelewa fremu tatu nne baada ya kutua, uko wazi. Fox, mhusika mwingine wa gemu, ana kipigo cha mkono kinachotoka fremu ya 2. Anakugonga na kamata yako inafia mkononi.

Katika Melee kitufe cha ngao kina hatua mbili. Kukibonyeza kidogo bila kufika mwisho kunatoa ngao nyepesi. Kukibonyeza mpaka kilie ni ngao kamili. Hewani tofauti hiyo ni kubwa sana. Mbonyezo kamili hewani ni kukwepa angani, na ukitua kutoka kwenye kukwepa angani unakula ganzi ya fremu 10. Mbonyezo mwepesi hewani haufanyi lolote. Ukiushikilia mpaka utue, ngao inajifungua yenyewe fremu ya kwanza ya uhuru, yaani ileile ya 5. Na ukiwa kwenye ngao, A peke yake ni kamata.

Kwa hiyo mpangilio mpya ni: ruko fupi, mporomoko, shika ngao nyepesi ukiwa unashuka, tua, kamata. Kamata ikiwahi fremu ya 5, inatoka kama kawaida. Ikichelewa, ngao inakulinda wakati huo na kipigo cha Fox kinagonga ngao.

Pedi ya bei rahisi haina hatua mbili. Kitufe chake cha R2 ni cha kubonyeza au kuacha tu. Rekebisho lake: kwenye ukurasa wa pedi wa Dolphin, sehemu ya vifyatuo ina mistari minne, L na R za kubofya, na L na R za analogi. Mpe R2 mstari wa R ya analogi peke yake, kisha bofya kulia kwenye mstari huo na upunguze kiwango hadi 50. Sasa R2 ni ngao nyepesi siku zote na haiwezi kukwepa angani hata uikandamize. Ngao kamili ibaki kwenye L2. Kwa maoni yetu, hapa pedi ya bei rahisi imeizidi pedi halisi, ambako kidole lazima kijizuie katikati ya kifyatuo.

Na ile ya kugonga mara mbili ikapona. Ukiwa umeshika R2, Z na A zote ni kamata. Gonga Z kwa kidole cha juu kisha A kwa gumba, moja ikifuata nyingine bila nafasi. Z ikipotelea kwenye ganzi ya kutua, A inakamata. Z ikikamata, A haileti madhara kwa kuwa mkono bado unakwenda. Sharti lake ni lilelile la Saba Saba: Z isitangulie mguu, kwa sababu hewani zote mbili ni mapigo.

Yaliyoharibika baada ya kuongeza ngao:

Marth alianza kukwepa papo hapo badala ya kukamata. Sababu ni mporomoko uliopigwa kwa kuchelewa. Stiki ikiwa imepigwa chini fremu chache tu kabla ngao haijafunguka, gemu linasoma ngao pamoja na chini, ambayo ndiyo amri ya kukwepa. Piga mporomoko mara tu kilele kinapopita, usingoje.

Vilevile alibingiria. Hii ni stiki kupigwa mbele dakika ya mwisho ili kuvuta umbali. Stiki iliyoshikiliwa mbele tangu mwanzo wa ruko haina neno. Inayopigwa ghafla karibu na kutua ndiyo inayobingirisha. Bila ngao, pigo hilohilo la stiki linakuanzishia mbio, na Z inatoa kamata ya mbio, iliyo polepole kuliko ya kusimama na inayokuacha wazi muda mrefu zaidi ukikosa. Umbali upangwe kwenye kuruka, usipangwe kwenye kutua.

8 Agosti, Nane Nane: dhidi ya watu

Kompyuta haifai kwa hatua hii. Haiogopi, na ngao yake haitokani na ulichofanya kabla. Vijana wa barabara ya jirani wamekuja, wengi wakitumia wahusika Fox na Falco.

Tomahoki tupu tupu, tangu mwanzo wa mchezo, imefeli vibaya. Vidole vilikuwa safi na marudio yanathibitisha, lakini hakuna aliyekuwa kwenye ngao. Waliokuwa wakitukimbia walikimbia, waliokuwa wakipiga walipiga. Kamata ya Marth ikishika hewa inachukua fremu 30 mpaka amalize, na hiyo ni zawadi kwa Fox.

Ngao lazima uijenge kwanza. Dakika ya mwanzo ya mchezo tumia pigo la mbele la angani kwa uaminifu, kwa ruko lilelile, kutoka umbali uleule, na ukate ganzi yake ya kutua kutoka 15 hadi 7. Lifike kwenye ngao kwa ncha ya upanga, kwa mbali, usiadhibiwe. Mpinzani akianza kuinua ngao mara tu miguu yako inapoondoka chini, hapo mlango umefunguka. Ruko linalofuata liwe tupu.

Ndiyo maana tunasisitiza ruko moja kwa kazi zote mbili. Mchezaji mmoja wetu alikuwa anaruka mbali kidogo kwa pigo na karibu kidogo kwa kamata. Aliyekaa upande wa pili aligundua haraka na akawa anapiga tu kila ruko la karibu. Pima umbali wa pigo la ncha ya upanga, kisha utumie ruko hilo hilo na umalizie nafasi iliyobaki kwa kusogea hewani mbele baada ya kilele.

Majibu tuliyokutana nayo na dawa zake:

Kukwepa papo hapo kwenye ngao. Fox anachukua fremu 22 kwa jumla, na haguswi kuanzia ya 2 hadi ya 15. Ukiona ameshaanza tabia hii, tua na ngao nyepesi, usikamate, msubiri aonekane tena, ndipo ukamate. Zile fremu za mwisho zinatosha, ila zinataka uwe umeamua kabla ya kutua.

Kuruka kutoka kwenye ngao. Hapa kamata inapita chini yake. Usibishane naye, rudi kwenye pigo la angani mara mbili tatu, linamkuta akiwa anaruka.

Kupiga unapotua. Ngao nyepesi inabeba pigo, kisha A. Lakini ngao nyepesi inakusukuma nyuma zaidi kuliko ngao kamili, na mara nyingine anakuwa nje ya mkono. Marth anavumilia hilo kwa sababu ya urefu wa mkono wake. Ukijaribu na mhusika wa mkono mfupi, tarajia kamata nyingi za hewa.

Baada ya kumshika, usikae ukimpiga makofi asilimia zikiwa chini, anachomoka haraka. Fox na Falco watupe juu kwenye uwanja wa Final Destination, ambako hakuna jukwaa la kuwapokea, ukimfuata chini anapoanguka na kumkamata tena. Karibu na ukingo, watupe nje mbele au chini, uende ukingojee pale.

Gharama: soda na muda wa mashine mbili, na pedi moja iliyovunjika stiki. Stiki za pedi hizi hazivumilii mporomoko wa siku nzima. Weka ya akiba.

24 Agosti: majukwaa na mgongo

Kasoro mbili zimebaki na zote zinaonekana kwenye marudio ya wiki hizi mbili.

Ya kwanza ni kuvuka. Ruko likizidi, Marth anatua nyuma ya mpinzani akitazama upande alikoruka, na kamata haijigeuzi. Kwa Fox aliyejikunja kwenye ngao ndogo, nafasi ya kukosea ni nyembamba. Tunachofanya sasa ni kuivuta stiki nyuma taratibu tukiwa tunashuka kila tunapoona ruko limeanzia karibu mno. Ikiwa umeshavuka, usikamate. Ngao nyepesi iko tayari, ishike.

Ya pili ni majukwaa ya viwanja vya Battlefield na Yoshi's Story. Mpinzani akiwa na ngao juu ya jukwaa, kamata kutoka chini inavutia sana: unaruka ruko refu, unatua pembeni yake juu, unamkamata. Lakini aliyezoea kushikilia stiki chini baada ya mporomoko anapita katikati ya jukwaa na kuanguka chini ya miguu ya mpinzani. Kwenye jukwaa, piga chini na uachie mara moja. Na kama kimo cha jukwaa kiko karibu na kilele cha ruko, acha mporomoko kabisa, hakuna cha kuokoa pale. Tena, ngao nyepesi na stiki iliyobaki chini juu ya jukwaa inaweza kukudondosha kupitia jukwaa, kwa hiyo stiki iwe katikati kabla miguu haijagusa.

Adapta na pedi halisi vimeagizwa Dar es Salaam, shilingi 85,000 pamoja na nauli ya mzigo wa basi. Vikifika tutalinganisha kitu kimoja tu: kama kifyatuo cha hatua mbili kinaweza kuzoeleka kwa kidole bila kuteleza kuingia kwenye kukwepa angani. Mpaka hapo, anayefuata shajara hii aendelee na R2 ya 50, na afungue marudio yake kila baada ya mazoezi kutafuta lile pigo la kati.